Mgawo Haurudiwi

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe ishirini na mbili Juni mwaka elfu mbili na ishirini na nne, alasiri, ndani ya banda la mabati la Zipora pale Rwamgasa. Umeme ulikuwa umekatika, karasha za kusagia mawe zimenyamaza kijiji kizima, na kila mtu aliweza kusikia anachosema mwenzake. Kabla ya siku hiyo Ngusa alikuwa na watu wawili wa kumwamsha asubuhi: mke aliyekufa, na mwanamke aliyekuwa hai. Jua lilipozama hakujua tena kama amebakiwa na hata mmoja.

Ngusa alikuwa mvuta winchi kwenye duara, yale mashimo marefu ya dhahabu ambayo mtu huteremka kwa kamba akiwa na sala mdomoni. Shule aliiachia darasa la tano. Lakini kuna somo alilohitimu: mkubwa akikosea, anayezikwa ni mdogo. Somo hilo alifundishwa na kifo cha Suzana, mkewe, aliyefariki kwa uchungu wa uzazi, yeye na mtoto wake tumboni, akingojea gari ambalo wachimbaji wote walikatwa mfukoni ili linunuliwe. Gari la kubebea wagonjwa. Siku ile halikuwa na mgonjwa ndani. Lilikuwa Geita mjini, limebeba viti na maturubai ya kumpokelea mgeni.

Aliyelituma alikuwa Mzee Gregory, mwenyekiti wa wenye maduara. Na Mzee Gregory ndiye aliyemzaa Zipora.

Basi mwone mtu alivyo na bahati ya chongo! Katika wanawake wote wa ukanda huu wa dhahabu, moyo ukaenda kuangukia hapo.

Ilianza kwa kuchaji simu. Zipora alikuwa na banda la kuchaji simu, kupiga chapa na kutoa nakala, na kompyuta yake moja aliyoifunika kitambaa kama mtoto mchanga. Ngusa alikuja, akakaa kwenye benchi kungoja simu ijae, akaanza kusema peke yake, kama wasemavyo wagane. Alisema jinsi Suzana alivyokuwa akifunga kanga ya njano akienda kuponda mawe. Zipora akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Haya maneno usiyaachie upepo. Sema tena, mimi niandike." Akamfungulia blogu, akaiita Duarani. Ikawa desturi. Yeye akifumba macho na kusema, Zipora akiandika bila kuinua uso. Ndivyo walivyopendana: mwanamume akimlilia mwanamke mwingine, na mwanamke aliye mbele yake akiyapokea machozi hayo kwa vidole.

Kwenye Duarani kila kitu kiliingia chungu kimoja. Leo matimba yaliyooza, yale magogo ya kuzuia kuta za shimo zisimfunike mtu; kesho harufu ya Suzana akitoka kuoga. Watu walisoma mpaka Katoro, mpaka Maganzo kule kwenye almasi. Lakini wakubwa hawakosi mlango wa kutokea. Kwenye mkutano wa wachimbaji mmoja alisimama akauliza habari za matimba, akasema ameyasoma kwa Ngusa. Mzee Gregory akacheka, akajibu, "Yule si mwandishi. Yule ni mgane mwenye kidonda. Mnataka tuendeshe maduara kwa machozi ya mtu?" Mkutano mzima ukacheka. Matimba yakabaki palepale, yanaoza.

Hapo ndipo Zipora alipoleta wazo la blogu mbili. Moja ya watu, aliyoiita Kinywa cha Duara, kavu, isiyo na tone la chozi, ili mkubwa akose pa kuchekea. Nyingine ya siri, imefungwa, wa kuifungua wawe wao wawili tu. Hiyo aliiita Kwa Suzana. Aliandika jina hilo mwenyewe. Kama lilimuuma, Ngusa hakuona.

Juma zima walikuwa wakigawa habari za Duarani kati ya blogu hizo mbili. Na Jumamosi hiyo zilibaki zile ngumu.

"Hii ya kina mama wanaoponda mawe na watoto mgongoni," Zipora alisema, uso wake uko kwenye kioo cha kompyuta iliyokuwa ikila betri. "Ya watu."

"Ya Suzana," Ngusa akajibu.

"Ngusa."

"Suzana alikuwa anaponda mawe!"

"Najua alikuwa anaponda mawe. Nyundo yake naijua kuliko yangu. Nani aliyeiandika?" Akamtazama, na katika jicho lile kulikuwa na kicheko kidogo, kile ambacho Ngusa alikuwa akikitembelea kutoka duarani kama mtu anavyotembelea kisima. "Lakini ukimtia Suzana humo, watasema tena unalia. Mtoe. Waache kina mama peke yao."

"Nikimtoa anakwenda wapi?"

"Anakwenda kwake. Ana blogu yake nzima, jamani. Wangapi wana blogu, wakiwa hai?"

Ngusa akacheka bila kupenda. Mkono wake ulikuwa juu ya meza, umepasuka kwa kamba za winchi. Zipora akauweka wake juu yake, polepole, kama anayefunika moto usizimike. Wakakaa hivyo. Nje mwendesha pikipiki alikuwa akibishana na muuza mihogo, na dunia ilikuwa, kwa kitambo, mahali ambapo mtu angeweza kuishi.

"Hodi humu!"

Mikono ikaachana. Kitenge kikubwa cha rangi ya machungwa kikajaza mlango, na ndani ya kitenge alikuwamo Shangazi Paskalina, dada wa Mzee Gregory, ametoka Maganzo alikoolewa na mnunuzi wa almasi. Tangu huko alikuwa na tabia ya kumkagua binadamu kama kito, kwa jicho moja, akitafuta ufa.

"Shikamoo, shangazi," wakasema wote wawili.

"Marahaba. Zipora, mimi ni shangazi yako. Wewe baba, bado." Akakalia benchi, likalia. "Nimekuja kwa heri, msinitazame kama mgambo. Ndugu yangu amelainika. Kulainika kwake ni kama kulainika kwa jiwe, lakini ndiyo hivyo. Mshenga aje Jumatatu."

Zipora akaziba mdomo kwa kiganja. Ngusa alihisi kitu kinapanda kifuani, akakisukuma chini upesi, maana alikwisha kuzoea kwamba kinachopanda duarani kwa kasi ni kamba iliyokatika.

"Kuna sharti," akasema Ngusa.

"Ana akili huyu." Shangazi akamgeukia Zipora. "Huwezi kumdhania ana akili ukimwona, lakini anazo. Ndiyo, baba, kuna sharti. Ile habari ya gari na viti isitoke. Si leo, si kesho, si mkiwa na wajukuu."

Ngusa akageuka taratibu kumtazama Zipora. Habari ile, Gari Lililobeba Viti, aliisema siku moja tu, nayo Zipora akaiandika huku machozi yakidondokea vidole vyake. Haikupata kurushwa. Ilikuwa imelala ndani ya kompyuta ile. Hawakuitaja tena, wala haikuhesabiwa kwenye mgawo.

"Nani kamwambia mzee kuwa ipo?"

"Mimi," Zipora akasema, ameinamisha uso. "Nilimwambia baba mwenyewe. Sikutaka aisikie kwa watu."

"Na akasemaje?"

"Hakusema. Aliomba maji ya kunywa, akaingia ndani."

"Akaomba maji," Ngusa akarudia. "Suzana naye aliomba maji."

"Haya, haya, haya!" Shangazi akajipiga magotini kwa viganja. "Ndiyo hayo sasa. Mwanangu Zipora, nikuulize mbele yake, maana nyuma ya mtu nasema kila siku. Maneno yake unaandika wewe. Unasoma wewe. Machozi unafuta wewe. Jina lako limo mstari wa ngapi?"

Zipora akaanza kuzipanga karatasi za nakala mezani.

"Nimesoma hiyo Duarani yenu yote. Kuna mvua mle. Kuna mbuzi wa jirani aliyekula sabuni. Nimecheka mbuzi yule mpaka mbavu zikauma! Wewe sijakuona."

"Shangazi, hayo si ya leo."

"Ya lini? Mwanamke hashindani na marehemu. Marehemu haunguzi ugali." Akasimama, akajifunga kitenge upya, na kabla ya kutoka akamwambia Ngusa kwa sauti ya chini, karibu ya huruma, "Baba, uchungu wako ni wa kweli. Lakini huwezi kuoa binti wa mtu huku umeshika jiwe la kumpiga baba yake. Litupe, au muache."

Akaenda zake, mabati yakilia kwa joto.

"Ungekuwa umeniambia," Ngusa akasema.

"Ungefanyaje?"

Wakubwa wanajua kumfunga mtu. Wakiona hawakuwezi kwa mkutano, wanakuja kwa mlango wa posa.

"Tumalize zilizobaki," akasema. "Kisha Jumatatu nitatafuta mshenga."

Zipora akamtazama sana. "Na ile?"

"Ile haimo kwenye hesabu. Ilale."

"Ilale wapi, Ngusa?"

"Ilipolala."

Zipora akarudi kwenye kompyuta. Habari iliyofuata ilikuwa ya mwalo wa kuoshea mchanga, na ndani yake Suzana alikuwa akiimba, wakavutana. Iliyofuata ilikuwa ya njia mbovu ya kwenda zahanati, wakavutana zaidi. Betri ilikuwa inakwisha. Mwishowe Ngusa akapiga meza.

"Siwezi nikitazama. Nikitazama, mkono unakwenda kwa Suzana tu. Tugawe kama duarani."

Duarani, mawe yakishapandishwa, hurundikwa mafungu mdomoni mwa shimo. Ili pasiwe na ugomvi kati ya mwenye shimo na wachimbaji, mtu mmoja huyapa mafungu kisogo. Mwingine hugusa fungu lolote na kuuliza, "Hii ya nani?" Aliyegeuka hutaja jina la mwenye fungu, bila kuona. Akishasema, imekwisha, hata kama fungu moja linameta na jingine ni udongo mtupu. Masudi, kijana wa Tabora, aliwahi kugeuka akaona alichompa mwenzake, akasema turudie. Hakuna duara lililomchukua tena. Mgawo haurudiwi.

"Ni maneno haya, si mawe," Zipora akasema.

"Maneno ndiyo mazito zaidi."

"Na ukishasema?"

"Nikishasema imekwisha. Unajua desturi, wewe ni binti wa mwenye maduara."

Akainuka, akampa Zipora kisogo, akakabili ukuta wa mbao penye kalenda ya mwaka jana. Nyuma yake alisikia benchi likisogea, akasikia pumzi ya Zipora, akaisikia harufu ya mafuta yake ya nazi. Akatamani ageuke si kwa ajili ya habari yoyote, bali kuiona tu shingo ile ilivyoinama.

"Hii ya nani?"

"Ya Suzana."

Kidole kikagonga kitufe.

"Hii ya nani?"

"Ya watu."

"Hii ya nani?"

"Ya watu."

Iliyofuata ikachelewa. Ngusa akasikia bangili ya Zipora ikigusa ukingo wa meza, ikatulia, ikagusa tena.

"Hii..." Sauti ikakwaruza, kama kamba inapopita kwenye gogo. "Hii ya nani?"

Angeweza kuuliza. Desturi haikumkataza kuuliza kama yuko sawa, kama ana kiu, kama ameumwa na kitu. Hakuuliza. Mbele yake kulikuwa na kalenda ya mwaka jana, nyuma yake sauti iliyokwaruza, na katikati yake mwanamke wa kanga ya njano aliyekuwa akiomba maji.

"Ya watu," akasema.

Kitufe hakikugongwa.

Akageuka. Kwenye kioo, juu kabisa, yaliandikwa maneno aliyoyajua hata kwa usomaji wake wa kubahatisha: Gari Lililobeba Viti. Zipora alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, kama aliye mbele ya padri.

"Tulisema haimo," Ngusa akasema.

"Wewe ulisema. Mimi sikusema."

"Kwa nini uliiweka, Zipora?"

"Kwa sababu ningeolewa nayo." Sasa alikuwa analia, lakini bila kelele, kama mtu anayetoka jasho. "Ningeingia kwako nikijua iko chini ya kitanda. Ningekupikia, nayo iko. Ningekuzalia mtoto, na siku ya kujifungua ungenitazama ukaikumbuka. Nilitaka iamuliwe. Nilikuwa naomba Mungu useme ya Suzana. Naomba, naomba. Tungeifungia kwake, ikapumzika."

"Sikujua ni ipi."

"Hukujua?"

Ngusa akaigeukia tena kalenda ya mwaka jana.

Zipora akaweka kidole juu ya kitufe cha kurusha. "Mgawo haurudiwi. Lakini mimi si mchimbaji, mimi naweza kukubali aibu ya Masudi. Niambie nisiirushe. Usiseme kwa ajili ya baba, wala kwa ajili ya sharti la shangazi. Sema, Zipora, usiirushe, kwa ajili yako. Neno moja tu, ng'wanone."

Ng'wanone. Rafiki yangu. Hakuwahi kumwita hivyo kwa Kisukuma. Walizungumza Kiswahili siku zote, lugha ya sokoni na ofisini, na sasa neno la nyumbani lilimpata Ngusa mahali pasipo na ngozi. Akamtazama: kope zilizolowana, kidole kimoja chembamba kinachongoja. Alimpenda. Hilo lisisemwe vingine.

Lakini alipotaka kusema, aliona viti. Viti vya plastiki vyeupe, vimepangwa juu ya gari, vimefungwa kamba vizuri visianguke. Nani alivifungia viti kamba vizuri namna ile? Nani alivionea viti huruma?

Hakusema kitu.

Zipora akangoja. Akangoja kuliko desturi yoyote inavyodai. Kisha akabonyeza.

Simu ya kwanza ilikuwa ya mtu wa Katoro, hawakuipokea. Nje mtu alipiga mluzi, mwingine akaita, "Ngusa! Umemwaga mtama!" na vicheko vikafuata, vya watu ambao kesho wangesahau. Ndipo simu ya Zipora ikalia, na akaipokea huku mkono umetulia ajabu.

"Shikamoo, baba."

Katika kimya kile cha kijiji kisicho na umeme, sauti ya Mzee Gregory ilisikika hadi ukutani. "Huyo mgane wako amekuibia kompyuta?"

"Hapana, baba. Nimeirusha mimi."

"Wewe."

"Mimi, kwa mkono wangu."

Mzee hakugomba. Ingekuwa nafuu kama angegomba. "Kiwanja cha hilo banda ni changu," akasema. "Funga. Funguo mpe shangazi yako. Na wewe nenda kwa hao uliowaandikia."

Simu ikakatika. Zipora akaiweka juu ya meza kwa uangalifu, akazizungusha nyaya za kuchajia, moja moja, akazitia kwenye boksi. Akaifunika kompyuta kitambaa chake. Ngusa akasogea kumsaidia. Akamzuia kwa kiganja, bila hasira.

"Nitakwenda kwa baba yako," Ngusa akasema. "Nitapiga magoti."

"Ukamwambie nini? Kwamba ni uongo?"

"Si uongo."

"Basi usipige magoti." Akapangusa uso kwa ncha ya kitenge. "Geuka."

"Nini?"

"Geuka ulivyogeuka. Mgawo haujaisha."

"Zimekwisha zote, Zipora."

"Imebaki moja."

Akageuka, akakabili kalenda. Nyuma yake hakukuwa na kompyuta inayowaka tena wala nyaya, wala habari yoyote ya kugusa. Akaisikia bangili ikipanda, ikigonga mfupa wa kifua, pale juu ya moyo, ikakaa hapo. Akajua anajigusa mwenyewe.

Kulikuwa na mafungu mawili tu. La watu, ambako ameshamtupa leo mchana kweupe. La Suzana, ambako hawezi kuingia mwanamke aliye hai. La tatu hawakulitenga. Juma zima walikaa hapa magoti yakigusana, wakigawa mvua, wakigawa mbuzi wa jirani, wala haikumpitia akilini kwamba kuna fungu la tatu, la wao wawili.

Umeme ukarudi. Karasha ya kwanza ikaanza kunguruma, ikafuatwa na ya pili, na mabati yakatetemeka. Lakini Zipora alikuwa amesogea karibu kiasi kwamba pumzi yake ilimgusa Ngusa kisogoni, na alimsikia vizuri.

"Na hii, Ngusa. Hii ya nani?"